Kwa nini mtoto anayeshindwa kuandika mstari mmoja anapiga picha inayomshinda mwalimu wake?

#1 Mwanga Hafifu (mleta mada)

Salaam, wakuu.

Kwa mihula mitatu sasa nafundisha upigaji picha kwa kikundi cha watoto 9 wenye ugumu wa kujifunza, wenye umri wa miaka 9 hadi 13. Tunakutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, tukiwa na kamera 4 ndogo za dijitali na simu 2 za zamani ambazo laini zake zimetolewa. Niliingia na matarajio madogo: nilidhani muhula wa kwanza wote ungeishia kwenye kuwasha kamera, kuishika bila kuitikisa na kutoweka kidole mbele ya lenzi.

Kuna mvulana ambaye huhitaji karibu dakika 10 kuandika mstari mmoja, na hata mstari huo ukikamilika herufi zake huwa zimerukana. Katika wiki ya nne alipiga picha ya kivuli cha ngazi kilichoangukia ukutani. Kivuli kimejaza karibu fremu nzima, na ngazi yenyewe ameikata, kimebaki kipande cha mguu mmoja kwenye kona. Nilipomuuliza kwa nini ameiacha ngazi nje alinijibu, "Ngazi haikuwa na kazi." Mimi nilipiga picha kwa miaka mingi kabla ya kuthubutu kukikata kitu ambacho kila mtazamaji angetarajia kukiona.

Dai langu ni kwamba watoto hawa wanafikiri kwa picha, shule inawataka wafikiri kwa maneno, na kamera ndiyo chombo cha kwanza kilichowakuta pale walipo. Anayepinga na apinge kwa hoja.

#2 Kalamu ya Risasi

Ahsante kwa mada, mwalimu. Kabla hatujajenga ghorofa juu ya dai hilo, tuusawazishe msingi, kwa sababu "ugumu wa kujifunza" ni jina linalobeba mizigo miwili tofauti. Aliyelipa nguvu jina hilo ni Samuel Kirk, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alipolitumia mbele ya wazazi waliokutana Chicago mwaka 1963. Alikusudia watoto wanaotatizwa na lugha, kusoma na stadi zinazohusiana nazo, huku akiwaweka kando wale ambao tatizo lao linatokana na kutoona, kutosikia au ulemavu wa akili. Nchini Uingereza, jina linalokaribiana sana na hilo hutumiwa na watoa huduma za afya kumaanisha ulemavu wa akili wenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma mwongozo mmoja wa kufundishia akadhani unamhusu mtoto wake mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika), kumbe umeandikwa kwa ajili ya mtoto mwingine kabisa.

Katika darasa la kamera tofauti hiyo haikai kwenye makaratasi. Mtoto mwenye disleksia ataelewa maelezo yako ya mdomo kuhusu mwanga mara moja, kisha atakwama kwenye menyu ya kamera kwa sababu ni orodha ya maneno madogo yanayofanana. Mtoto mwenye ulemavu wa akili anaweza asijali menyu hata kidogo, lakini akahitaji kitendo kimoja kigawanywe katika hatua sita na kirudiwe kwa wiki kadhaa. Je, watoto wako 9 ni wa aina gani?

#3 Mzee wa Negativu

Namuunga mkono mleta mada asilimia mia. Historia ya fani yetu imejaa watu ambao shule iliwatema. Ansel Adams, mpiga picha mkubwa wa milima ya Marekani, alikuwa na disleksia na hakuwa na elimu ya kueleweka. Chuck Close, aliyechora nyuso kubwa kutokana na picha za kamera, alikuwa na disleksia pia. Mwenyezi Mungu akifunga mlango mmoja hufungua mwingine, na kwa hawa mlango uliofunguliwa ulikuwa jicho.

#4 Shahidi wa Macho

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo naomba nikusahihishe. Kuhusu Close uko sahihi, na tena alikuwa na tatizo la kushindwa kutambua nyuso za watu, jambo linalofanya uamuzi wake wa kuchora nyuso maisha yake yote uwe wa ajabu zaidi. Kwa Adams, tunachokijua ni kwamba alikuwa mtoto asiyetulia aliyesumbuka shuleni, kwamba baba yake alimtoa shule mwaka 1915 na kumfundishia nyumbani, na kwamba mwaka uliofuata alipata kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie, walipotembelea Yosemite. Neno "disleksia" limewekwa juu yake na watu wa baadaye. Tusiwapime marehemu.

Kuhusu dai lenyewe la mleta mada, kwamba watoto hawa "wanafikiri kwa picha", naliogopa. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu walipitia tafiti zilizodai kwamba kuna wanafunzi wa kuona, wa kusikia na wa kutenda, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kuhalalisha ufundishaji wa namna hiyo. Ukimwambia mtoto kwamba yeye ni wa picha, kesho atakuuliza kwa nini basi ahangaike na kusoma, na hutakuwa na jibu.

#5 Mlango wa Nyuma

Mimi nina swali dogo tu kwa mleta mada, na naliuliza kwa heshima zote. Siku ile ya ngazi, kijana alipiga picha ngapi?

#6 Mwanga Hafifu (mleta mada)

Nimefungua kumbukumbu ya kamera kabla ya kujibu. Alipiga picha 87.

Naona unakoelekea, Mlango wa Nyuma. Ni kweli kwamba niliyeichagua ile picha ni mimi, nikiwa nyumbani usiku, nikipitia picha za watoto wote. Kati ya zile 87 kuna 19 za sakafu, kadhaa za mkono wake mwenyewe, na mfululizo mrefu wa mlango uleule. Hata hivyo jibu lake kuhusu ngazi alilitoa bila kusita, na picha iliyobahatika haitoi maelezo.

Kwa Kalamu ya Risasi: 5 wana disleksia, 2 wana diskalkulia (ugumu wa kuelewa namba), mmoja ana dispraksia (ugumu wa kuratibu mienendo ya mwili), na mmoja ana ulemavu wa akili wa kiwango kidogo pamoja na kifafa kinachodhibitiwa kwa dawa.

#7 Mama wa Wawili

Habari zenu. Mimi si mwalimu wala mpiga picha, ni mzazi wa binti wa miaka 12 mwenye diskalkulia, na nimecheka peke yangu kusoma habari za menyu.

Kamera tuliyompa ilikuwa na gurudumu lenye alama: ua, mlima, mtu anayekimbia, mwezi na nyota. Kwa wiki tatu kila alipoona ua aliligeuza gurudumu kwenye alama ya ua, hata kama ua lenyewe lilikuwa juu ya mti ng'ambo ya uwanja, na kila alipompiga picha mdogo wake ameketi alihakikisha hayuko kwenye mtu anayekimbia kwa sababu mdogo wake hakimbii. Sikuona kosa lolote, maana hata mimi nilielewa hivyohivyo, hadi jirani mmoja alipotueleza kwamba ua maana yake ni kitu kilicho karibu sana na lenzi. Binti alikasirika kweli. Alisema, "Basi wangechora pua."

Lakini tulipohamia kwenye namba za tundu la lenzi, lile linalopitisha mwanga, tulikwama kabisa. Namba ndogo tundu kubwa, namba kubwa tundu dogo. Kwake namba tayari hazitulii. Sasa zimegeuzwa kichwa chini. Wataalamu, hilo linafundishwaje?

#8 Gurudumu

Mama wa Wawili, binti yako ana haki ya kukasirika, na sentensi yake kuhusu pua inafaa ibandikwe kwenye kiwanda cha kamera.

Siri ya namba hizo ni kwamba si kipimo cha tundu, ni mgao. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye f/2 maana yake ni 50 gawanya kwa 2, yaani tundu la milimita 25. Kwenye f/10 ni tundu la milimita 5. Ukigawa kitu kwa watu wengi kila mmoja anapata kidogo. Mtoto wa kawaida ukimweleza hivyo inatosha. Kwa mtoto mwenye diskalkulia maelezo hayo ni kumwongezea hesabu juu ya hesabu, kwa hiyo mimi huziondoa namba. Nakata karatasi ngumu nyeusi, natoboa matundu ya ukubwa halisi, nabandika karatasi ya rangi pembeni ya kila tundu, kisha nabandika rangi hizohizo kwenye gurudumu la kamera. Mtoto anaangalia dirishani kupitia tundu kubwa, halafu dogo, na kusema lipi limeleta giza. Baada ya hapo anasema "niko kwenye nyekundu" na anajua anachosema.

Wapo watakaoniambia kwamba siku akishika kamera nyingine isiyo na rangi atapotea. Ni kweli. Atachukua karatasi zake za rangi.

#9 Mikono Miwili

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya utendaji, yaani kazi yangu ni kumsaidia mtu amudu shughuli za kila siku kwa mwili alionao. Naona mjadala umekaa kichwani mno wakati kamera hushikwa kwa mikono. Kwa yule mtoto mwenye dispraksia, kikwazo cha kwanza kinaweza kuwa kitufe. Kwenye kamera nyingi kitufe hicho kina hatua mbili: unabonyeza nusu, kamera inatafuta fokasi, yaani inakifanya kitu kionekane bila ukungu, halafu unamalizia. "Nusu" ni amri ngumu sana kwa kidole kisichopokea vizuri taarifa za nguvu kinayoitumia.

Njia inayonifaa ni kufundisha kuanzia hatua ya mwisho. Naweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, napanga picha, nabonyeza nusu mwenyewe kidole chake kikiwa juu ya changu, kisha yeye anamalizia. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza anamaliza picha. Wiki inayofuata anachukua hatua mbili za mwisho, halafu tatu, mpaka anafika mwanzo. Ukimfundisha kuanzia mwanzo, kila somo linaishia mahali aliposhindwa. Hivi kila somo linaishia kwenye picha.

Jambo jingine, tena rahisi: chini ya kamera nyingi kuna tundu la skrubu la robo inchi. Funga hapo skrubu yenye kamba, mtoto aikanyage ncha ya pili na aivute kamera juu mpaka kamba ikaze. Mtikisiko unapungua mno, na haimwaibishi mbele ya wenzake kama stendi inavyoweza kumwaibisha.

#10 Mzee wa Negativu

Marahaba, Shahidi, nimepokea sahihisho. Nilisoma mahali nikaamini.

Lakini picha 87 kwa kipindi kimoja! Hapo ndipo penye ugonjwa wenu nyote. Mimi nililelewa na filamu yenye nafasi 36, na kabla ya kubonyeza ulijiuliza mara tatu. Mpeni mtoto kamera ya picha za papo hapo, ambayo pakiti yake moja huwa na karatasi 10 tu, muone kama hatatulia. Na asili ya kamera hiyo ni swali la mtoto: mwaka 1943 Edwin Land alimpiga picha binti yake wa miaka 3, binti akauliza kwa nini hawezi kuiona sasa hivi, na mwaka 1948 kamera ya Polaroid ikawa sokoni. Mtoto anaishika picha mkononi, anaiona ikijitokeza polepole, anaiandika jina lake kwenye ukingo mweupe.

Au ondoeni kamera kabisa. John Herschel alibuni uchapishaji wa bluu kwa chumvi za chuma mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuutumia kuchapisha kitabu cha mwani. Mwalimu anaipaka karatasi dawa mapema na kuikausha gizani, mtoto anapanga majani au funguo juu yake, jua linafanya kazi, maji ya kawaida yanasafisha. Hakuna menyu, hakuna nusu kitufe, hakuna namba.

#11 Kalamu ya Risasi

Mzee, kuhusu uchapishaji wa bluu nakuunga mkono, na nitaongeza kwamba unafundisha jambo ambalo kamera ya dijitali hulificha, yaani kwamba picha ni alama iliyoachwa na mwanga. Ukitaka kwenda mbali zaidi, tia giza chumba kizima, acha tundu dogo kwenye dirisha, na watoto waone mandhari ya nje yamepinduka ukutani, jambo lililochambuliwa na Ibn al-Haytham katika karne ya 11. Nimewahi kufanya hivyo na mtoto ambaye hakuwa amezungumza darasani kwa wiki mbili. Alisimama akageuza kichwa chini ili aione picha ikiwa wima.

Kuhusu karatasi 10, hapana. Unachokiita utulivu, kwa mtoto ambaye amekosolewa tangu darasa la kwanza, kinaweza kuwa woga. Kila karatasi inayoharibika anaihesabu kama kosa jingine. Nimeona mtoto akibaki na karatasi 6 mwishoni mwa kipindi kwa sababu alikataa kubonyeza. Zile picha 19 za sakafu ni sehemu ya mafunzo, tena huenda ndizo sehemu yenyewe: anajaribu, anaona, anafuta, na hakuna aliyemwona akikosea. Maelezo yangu kwa swali la mleta mada yako hapo. Tofauti kati ya kuandika na kupiga picha ni muda wa mrejesho. Insha hurudi baada ya siku tatu ikiwa na alama nyekundu, na mtoto mwenye kumbukumbu tendaji dhaifu, yaani asiyeweza kushikilia jambo akilini anapolifanyia kazi, hakumbuki tena alikusudia nini alipoiandika. Picha hurudi baada ya sekunde moja, nia yake ikiwa bado kichwani.

#12 Shahidi wa Macho

Hoja ya mrejesho naiheshimu, lakini kuna maelezo mengine yaliyo wazi zaidi ambayo hakuna aliyeyataja. Watoto 9, mtu mzima mmoja, hakuna mtihani, na mtu mzima huyo anakaa usiku akitazama picha zao moja baada ya nyingine. Mpe mtoto yeyote hali hiyo umfundishe kusuka vikapu. Nahisi baada ya mihula mitatu tungesoma hapa uzi wa vikapu.

Natoa mfano unaotajwa sana katika fani hii. Wendy Ewald, mpiga picha wa Marekani, alifundisha watoto wa mashambani Kentucky kuanzia mwaka 1975 hadi 1982, wakipiga picha za familia zao na za ndoto zao, na baadaye akaendeleza mbinu ambamo picha ya mtoto huwa ndiyo mlango wa kuandika: anapiga, anaisoma picha yake, anasimulia, kisha anaandika. Watu huunukuu mradi wa Kentucky kana kwamba ulikuwa wa watoto wenye ugumu wa kujifunza. Haukuwa. Walikuwa wanafunzi wa shule ndogo za kawaida. Picha zao zinastaajabisha vilevile, na hilo ndilo linalonifanya nisite kutafuta sababu ndani ya ulemavu.

#13 Taa Nyekundu

Naingia kwa jambo moja la tahadhari kisha natoka. Mleta mada amesema ana mtoto mwenye kifafa. Ulizia kama ni aina inayochochewa na mwanga, na kwa vyovyote vile zima flashi, hasa ile inayopepesa mara kadhaa ili kuondoa wekundu wa macho. Mwanga unaopepesa kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde ndio unaojulikana zaidi kwa kuamsha kifafa cha aina hiyo.

La pili ni ridhaa. Simu huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe. Izimeni huduma hiyo kabla ya kubandika chochote mtandaoni. Na saini ya mzazi haitoshi. Haki ya mtoto ya faragha imo katika Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na mtoto asiyeweza kusoma fomu anaweza kuoneshwa kadi tatu zenye michoro: picha ibaki kwangu, picha iwekwe ukutani shuleni, picha ionekane na watu wote. Aguse anayoitaka, na aruhusiwe kubadili mawazo wiki ijayo.

#14 Herufi Zinacheza

Nimesoma kurasa zote, na inanichukua muda kusoma, kwa hiyo mnisamehe kama nimechelewa. Mimi ndiye huyo mtoto mnayemjadili. Nilithibitishwa kuwa na disleksia nikiwa na miaka 26, baada ya kuitwa mvivu kwa miaka 11 ya shule, na leo upigaji picha ndio unaonilisha.

Sifikiri kwa picha. Nikifikiri nasikia maneno kama mtu mwingine yeyote, na nina maneno mengi. Kinachonishinda ni kuyaona yamekaa kwenye karatasi. Kila mtu anaponiambia kwamba nilipokonywa kusoma nikapewa jicho, nahisi kama ninaulizwa kwa nini ninalalamika. Jicho sikupewa. Nilikaa miaka mitano nikipiga picha mbaya.

Nilichokipenda kwenye kamera nilipokuwa na miaka 10 ni kwamba hakuna aliyejua jibu sahihi. Mwalimu wa kusoma alijua neno linalofuata ni lipi, nami nilimwona usoni akilisubiri. Mwalimu wa picha hakujua nitaleta nini. Basi. Kalamu ya Risasi anasema ni kasi ya mrejesho, lakini mimi nilipiga kwa filamu, picha zilirudi baada ya wiki mbili, na furaha ilikuwa ileile.

Na walimu mjue kwamba kazi hii imejaa maandishi kuliko mnavyowaambia watoto. Kuyapa mafaili majina, kuandika maelezo chini ya picha, mikataba, barua za wateja. Mwaka jana nilimpelekea mteja picha za harusi ya watu wengine kwa sababu majina mawili ya folda yalifanana machoni mwangu. Sasa natumia rangi, kama Gurudumu.

#15 Mlango wa Nyuma

Herufi Zinacheza, umetusemea wengi, ahsante. Natamani kujua wale maharusi walisema nini, lakini hiyo ni mada nyingine.

Mzee wa Negativu, naona filamu imepata mtetezi, ila amekuja na ushahidi unaomwangusha Kalamu ya Risasi bila kukuinua wewe, maana hata yeye anasema miaka mitano ya picha mbaya.

#16 Mzee wa Negativu

Picha mbaya za filamu, kijana. Ni tofauti.

#17 Mikono Miwili

Nirudi kwenye hoja ya Shahidi ya vikapu. Kusuka kunahitaji mikono miwili ifanye kazi tofauti kwa wakati mmoja, kwa mpangilio usiobadilika, na kosa la mstari wa tatu linaharibu wa kumi. Mtoto mwenye dispraksia huko angeteseka. Kamera inasamehe: ukikosea picha ya tatu, ya nne haijui. Kwa hiyo si kila shughuli yenye mtu mzima mwema ingetoa matokeo haya, ingawa nakubali kwamba sehemu kubwa ya sifa tunazoipa kamera ni za huyo mtu mzima.

#18 Mwanga Hafifu (mleta mada)

Wakuu, nimekaa kimya kwa wiki mbili kwa sababu swali la Mlango wa Nyuma lilininyima usingizi, nikaamua kulifanyia kazi. Nilichapisha kwa kila mtoto picha zake 20, nilizozichukua kwa kuhesabu kila ya nne au ya tano badala ya kuchagua, nikaongeza ile moja ambayo mimi huipenda. Nikawaomba kila mmoja achague moja ya kubandika ukutani.

Kati ya watoto 9, wawili tu walichagua niliyoipenda mimi. Binti mmoja mwenye disleksia alichagua picha iliyotikisika kabisa na kusema ni siku aliyokimbia. Yule mwenye ulemavu wa akili alichagua picha ya kamera nyingine, kwa sababu aliyeishika ni rafiki yake.

Mvulana wa ngazi alichagua kitasa cha mlango. Kiko katikati, kimeonekana chote, hakuna kilichokatwa. Ni picha ambayo ningeipita bila kusimama. Nikamwonesha ile ya kivuli na kumkumbusha alichoniambia kuhusu ngazi. Aliitazama akasema, "Uliuliza, ndiyo nikajibu." Kisha akanieleza kwamba mlango ule aliupiga mara nyingi kwa sababu kitasa kilikuwa kinang'aa na kamera ilikataa kukaa kwenye fokasi, na hii ndiyo ilikubali.

#19 Shahidi wa Macho

Kwa hiyo picha ya ngazi ilikuwa yako, mwalimu.

#20 Kalamu ya Risasi

Taratibu, Shahidi. Mtoto ambaye lugha inamtatiza akiulizwa "kwa nini" hutoa jibu lolote litakalomwondoa kwenye swali, iwe alikusudia au hakukusudia. Jibu lake la kwanza halikuthibitisha nia, na la pili haliikanushi. Lakini mfululizo mrefu wa mlango uleule, ambao mleta mada aliutaja kwenye #6 kama takataka, sasa tunajua ulikuwa nini.

#21 Gurudumu

Kitasa kinachong'aa ni mtihani hata kwa sisi. Fokasi ya kamera hutafuta mistari na tofauti za mwanga na giza, na kwenye chuma laini kinachoakisi mara nyingi hukamata taswira ya chumba badala ya chuma chenyewe. Mwambie alenge ukingo wa kitasa au tundu la ufunguo, abonyeze nusu, kisha arudishe fremu mahali alipotaka. Alijaribu mara ngapi?

#22 Mwanga Hafifu (mleta mada)

Mara 31. Nimezihesabu leo. Wiki ijayo nitampelekea maelezo yako ya tundu la ufunguo, kwa mdomo. Picha ya ngazi nimeiondoa ukutani kwa ombi lake.